MASKINI SI MKAIDI

Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia Afrika ya Mashariki, kila mwenye redio alisikia maneno yale yale asubuhi, mchana na jioni: nawa mikono kwa maji na sabuni, kaa mbali na mwenzio, vaa barakoa, baki nyumbani. Maneno hayo yalikuwa ya kweli. Madaktari hawakutudanganya. Gazeti hili halina ugomvi hata kidogo na sabuni wala na barakoa, na mtu atakayesoma makala haya akadhani kwamba twawaambia watu waidharau kinga, huyo hakutuelewa.

Ugomvi wetu ni na maneno mengine yaliyofuata baada ya wiki chache. Masoko yalipoendelea kujaa, na vijana walipoonekana barabarani baada ya saa za kafyu, walizuka mabwana wengi, wengine wenye vyeo na wengine wenye elimu, wakasema kwamba watu wetu ni wakaidi, hawasikii mpaka wapigwe, hawajali hata roho zao. Maneno haya yasemwa mpaka leo, na tukiyaacha yakae, yatakuwa ndiyo sera siku gonjwa jingine litakapokuja.

Na litakuja. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba dharura ya korona imekwisha. Haukupita mwaka mmoja na nusu, Agosti 2024, shirika hilo hilo likatangaza dharura nyingine kwa ajili ya mpox, iliyokuwa imeenea Kongo na kuvuka mipaka kuingia kwa jirani zake. Dharura hiyo nayo iliondolewa Septemba 2025. Kwa hiyo, ndugu msomaji, usidhani twasimulia habari ya zamani. Twasema habari ya kesho.

Neno letu ni hili: kinga ina bei. Kila amri ya afya hulipiwa kwa maji, kwa nafasi, kwa nauli na kwa ujira wa siku. Mwenye uwezo wa kulipa bei hiyo alitii bila shida, akaitwa raia mwema. Asiye na uwezo alitii mpaka senti yake ya mwisho ilipokwisha, kisha akatoka nje kutafuta, akaitwa mkaidi. Huo si ukaidi. Hiyo ni hesabu.

TWENDENI MPAKA CHUMBANI

Tuanze na Nairobi, kwa sababu Serikali ya Kenya ilitoa amri nyingi kwa muda mfupi, na habari zake zimeandikwa wazi. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Wiki moja baadaye matatu za abiria 14 ziliamriwa zibebe watu 8. Tarehe 27 Machi kafyu ilianza nchi nzima, kutoka saa 1 jioni mpaka saa 11 alfajiri. Mwezi Aprili ikawekwa sheria ya barakoa, na asiyeivaa mahali pa watu aliweza kutozwa faini mpaka shilingi 20,000 au kufungwa miezi 6. Kila amri katika hizi ilikuwa na kusudi jema. Sasa tuzifuate amri hizi mpaka chumbani kwa kabwela, tuone zilifika zikiwa na sura gani.

Katika mitaa kama Kibera na Mukuru, chumba cha kupanga mara nyingi ni futi 10 kwa futi 10, kuta za mabati. Humo hulala baba, mama na watoto wanne. Humo hupikwa, humo huogwa, humo huwekwa nguo na vyombo. Choo ni cha nyumba nyingi pamoja. Mwambie mmoja wa watu hao sita ajitenge siku 14. Ajitenge wapi? Chini ya kitanda? Waswahili walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Aliyeandika amri ile alikuwa na vyumba vinne, na kila kimoja kina mlango.

Haya, tuje kwenye maji. Watu sita, kila mmoja anawe mara 10 kwa siku, na kila mara atumie nusu lita tu. Hiyo ni lita 30, yaani mtungi mmoja na nusu wa lita 20, maji ambayo jana hayakuwamo katika hesabu ya mama wa nyumba. Tuseme mtungi wauzwa shilingi 5. Hizo ni shilingi 7 na senti 50 kila siku. Maji yakiadimika mtungi ukapanda mpaka shilingi 20, hizo ni shilingi 30 kila siku, na bado hajanunua sabuni. Mwenye bomba ndani ya nyumba hatajua kamwe kwamba kunawa ni kuchagua kati ya mikono na unga. Na jambo hili si la Nairobi peke yake. Mwaka 2020 watu zaidi ya bilioni 2 duniani hawakuwa na mahali pa kunawia kwa maji na sabuni majumbani mwao.

Sasa nauli. Tuseme abiria 14 walikuwa wakilipa shilingi 50 kila mmoja. Mwenye gari hupata 700. Wakiwa 8 tu, kila mmoja hana budi kulipa 87 na kitu ndipo mwenye gari apate zile zile. Mwenye gari hakukubali kula hasara, na Serikali haikuibeba. Basi nafasi ile kati ya abiria na abiria, iliyowekwa kwa faida ya taifa zima, ililipwa na mfanyakazi. Na yule asiyeweza kuilipa alitembea kwa miguu. Na ukitembea kwa miguu kutoka kazini, saa 1 ya kafyu yakukuta njiani.

Siku ile ile kafyu ilipoanza, huko Mombasa, watu waliotoka kazini walikimbilia kivuko cha Likoni ili wawahi ng'ambo kabla ya saa. Walipojazana, polisi waliwatupia mabomu ya machozi. Watu wakakohoa, wakafikicha macho, wakasongamana wakianguka mmoja juu ya mwingine. Fikiri, ndugu: amri iliyotungwa ili kuwatenganisha watu ndiyo iliyowashindilia mahali pamoja. Siku tatu baadaye, huko Kiamaiko, Nairobi, mtoto wa miaka 13 aliyekuwa kwenye roshani ya nyumba yao aliuawa kwa risasi wakati polisi wakisimamia kafyu. Yeye hakuwa barabarani. Alikuwa nyumbani, kama alivyoamriwa.

Na msaada ulikwenda wapi? Serikali iliwasamehe kodi ya mshahara wote wanaopata shilingi 24,000 kwa mwezi au chini yake. Ni jambo zuri. Lakini katika Kenya wafanyakazi zaidi ya 8 katika kila 10 wako katika kazi zisizo rasmi: vibarua wa ujenzi, wachuuzi, akina mama wafuao nguo za watu, vijana wa boda boda. Hawa hawana karatasi ya mshahara. Huwezi kumsamehe mtu kodi ambayo hakatwi. Baadaye kazi za kufagia mitaa na kuzibua mifereji zilianzishwa kwa vijana wa mabanda, na hizo ziliwafikia baadhi yao; lakini amri ilikuwa imefika kwa kila mtu, na kwa siku moja.

ADA YA KUTENGWA

Kati ya yote yaliyotokea mwaka ule, hakuna lililotufundisha zaidi kuliko karantini. Mtu aliyekutwa na ugonjwa, au aliyekaa karibu na mgonjwa, alipelekwa kutengwa. Mwanzoni aliyetengwa alitakiwa alipe gharama zake mwenyewe, na hata katika majengo ya Serikali siku moja iliweza kugharimu kama shilingi 2,000. Hesabu siku 14: shilingi 28,000. Mtu anayepata 500 kwa siku, na siku hizo hazipati kwa sababu amefungiwa, angelipa vipi?

Basi ikawaje? Watu waliogopa kupimwa. Waliona gari la wapimaji wakajifungia. Wakubwa wakashangaa, wakasema watu wana imani potofu. Imani potofu gani? Mtu alijua kabisa kwamba kupimwa ni jambo jema, ila alijua pia kwamba jibu baya litamtoa kazini, litamtia deni na kuwaacha watoto na njaa. Tarehe 6 Mei 2020 Serikali yenyewe ilitangaza kwamba itabeba gharama za waliotengwa katika majengo yake. Twaisifu kwa hilo, na twaomba wote wakumbuke maana yake: Serikali ilikubali kwamba kizuizi hakikuwa kichwani mwa mwananchi. Kilikuwa mfukoni mwake.

SI SISI PEKE YETU

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya Waafrika. Basi na tutazame kwa wenzetu.

Uingereza ni nchi tajiri. Mwaka 2020 mfanyakazi mgonjwa asiye na mapatano bora na tajiri wake alikuwa na haki ya posho ya ugonjwa ya pauni 95.85 kwa wiki, na yule ambaye ujira wake haukufika pauni 120 kwa wiki hakuwa na haki hata ya hiyo. Akihisi homa, alikuwa na mambo mawili tu: abaki kitandani akose kodi ya nyumba, au ameze kidonge aende kazini. Ilikuwa mpaka tarehe 28 Septemba 2020, miezi sita tangu nchi ifungwe, ndipo Serikali ya huko ilipoanza kutoa pauni 500 kwa watu wa kipato kidogo walioamriwa kujitenga. Wakati huo huo wakubwa wenyewe, wenye nyumba kubwa na bustani, walikutana kinyume cha sheria waliyoitunga. Waziri Mkuu Boris Johnson alitozwa faini Aprili 2022 kwa mkutano wa Juni 2020. Nani basi mkaidi?

India nayo, tarehe 24 Machi 2020, Waziri Mkuu Narendra Modi alitangaza usiku kwamba nchi yote itafungwa saa nne baadaye. Treni zilisimama, viwanda vikafungwa. Wafanyakazi waliotoka mikoa ya mbali, waliokuwa wakilala kwenye majengo wanayoyajenga, waliambiwa wabaki nyumbani. Nyumbani kwao kulikuwa mbali, kwingine mamia ya maili. Wakaanza kutembea, na watoto mabegani. Tarehe 8 Mei, wafanyakazi 16 waliochoka wakalala juu ya reli karibu na Aurangabad waliuawa na treni ya mizigo. Hawa hawakukaidi amri ya kubaki nyumbani. Walikuwa wakiitii kwa miguu.

Tukirudi kwa jirani zetu, Uganda ilifanya jambo moja ambalo wengine hawakulifanya kwa wingi. Ilipofunga usafiri, ilikubali kwamba mtu wa kazi ya siku hatakula, na kuanzia tarehe 4 Aprili 2020 ikaanza kugawa chakula Kampala na Wakiso, kilo 6 za unga wa mahindi na kilo 3 za maharage kwa kila mhitaji. Msingi huo ni wa haki: ukimzuia mtu kufanya kazi, mlishe. Lakini magari ya abiria yalikuwa yamesimama tangu 25 Machi. Kwa siku kumi tumbo lilisubiri. Na wajawazito walitakiwa wapate kibali cha mkuu wa wilaya kabla ya kupanda gari kwenda hospitali, mpaka sharti hilo lilipoondolewa kwao mwezi Aprili. Uchungu wa uzazi haungoji mhuri.

NA KWETU TANZANIA

Haifai kumulika nyumba za majirani na kuifunika yetu. Tanzania mwaka 2020 ilifunga shule lakini haikuwafungia watu ndani, na sababu iliyotolewa, kwamba wananchi hula kwa kazi ya kila siku, ilikuwa na ukweli mkubwa. Tulishuhudia pia nguvu ya watu wetu: ndoo zenye koki zilisimama mbele ya maduka, stendi, misikitini na makanisani, na vijijini watu walitundika vibuyu chirizi kwa kamba na kijiti. Hakuna polisi aliyewapiga ili wafanye hivyo. Walikuwa na habari, na walikuwa na chombo cha bei wanayoiweza.

Lakini baada ya tarehe 29 Aprili 2020 hesabu za wagonjwa wa nchi nzima hazikutangazwa tena, mpaka mwaka 2021. Hapa twasema bila kuficha kwamba kosa lilifanyika. Tajiri asipopewa habari ana daktari wake wa kumwuliza. Maskini hana. Habari ya kweli ndiyo kinga pekee isiyohitaji pesa, na ukimnyima hiyo umemnyima hata kile kidogo alichoweza kukipata. Ndoo zilianza kukauka koki moja baada ya nyingine, kwa sababu mtu hawezi kuteka maji kila asubuhi kwa ajili ya adui ambaye hakuna amtajaye.

Kisha likaja jambo la chanjo. Kenya ilipata dozi zaidi ya milioni 1 Machi 2021. Mara India, iliyokuwa ikizitengeneza, ikasimamisha kuziuza nje kwa sababu ya msiba wake wenyewe, na waliochanja mara ya kwanza wakangoja ya pili. Tanzania ilianza kuchanja mwisho wa Julai 2021. Mataifa makubwa yalikuwa yamejiwekea akiba nyingi. Na ombi la India na Afrika Kusini la Oktoba 2020, kwamba haki za kuzimiliki chanjo zilegezwe ili nchi nyingi zitengeneze, lilijibiwa Juni 2022 kwa mapatano madogo. Lakini magazeti ya dunia yalijaa habari kwamba Mwafrika anaogopa sindano. Kweli, wako walioogopa. Lakini mwaka 2022 wahudumu walipokwenda nyumba kwa nyumba, sokoni na kwenye nyumba za ibada, Watanzania waliochanja waliongezeka sana. Watu walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni kwamba sindano iliwafuata walipo, na mtu hakupoteza siku ya kazi kwa kupanga foleni.

Wazee watakumbuka kwamba jambo hili si geni. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi, wakasikiliza redio pamoja, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kufyeka vichaka kwa mikono yao wenyewe. Walipewa elimu, wakapewa na kazi iliyo katika uwezo wao. Tangu Uhuru wa mwaka 1961 taifa hili lilitaja maadui watatu: umaskini, ujinga na maradhi. Kosa la mwaka 2020, katika nchi nyingi, lilikuwa kupigana na maradhi huku ukiuita umaskini kwa jina la ujinga. Ukimkosea adui jina, utampiga asiye na hatia.

TWATAKA NINI

Kwanza, siku amri ya kuzuia kazi itakapotolewa, chakula au posho vitolewe siku hiyo hiyo, na viwafikie wasio na karatasi ya mshahara. Orodha ya watu hao iandikwe sasa, wakati wa amani, siyo wakati wa kilio.

Pili, kupimwa na kutengwa kuwe bure, na aliyetengwa alipwe siku zake. Mtu anayejitenga anamfanyia taifa kazi. Kazi hulipwa.

Tatu, maji. Bomba la mtaani na kisima cha kijiji ndiyo silaha ya kwanza dhidi ya gonjwa lijalo, kama ilivyo dhidi ya kipindupindu kila mvua inyeshapo. Silaha haifuliwi adui akiwa mlangoni.

Nne, habari zitolewe kila siku, nzuri na mbaya. Mwananchi si mtoto.

Tano, kazi ya afya ifanywe na Bwana Afya na mkunga na mwalimu. Kirungu hakijapata kumponya mtu.

Na sisi wanachama tusikae tukingoja Serikali peke yake. Katika kila tawi na kila mtaa, tujue ni mzee gani anaishi peke yake, ni mama gani anakula kwa kufua, ni nyumba gani haina maji. Siku ya shida tuwe tunajua mtungi upelekwe wapi. Na tukae macho na ulimi wetu pia. Kwa maana baadhi yetu, tukishapata mshahara wa mwezi na bomba ndani, tumekuwa wa kwanza kuwacheka wanaojazana sokoni. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Hatukatai kwamba wako wazembe katika kila tabaka, na mzembe aonywe. Lakini kabla hujamwita jirani yako mkaidi, mwulize maswali matatu: Una maji? Una mahali pa kujitenga? Usipokwenda kazini leo, watoto watakula nini? Akikujibu kwamba anayo yote na bado hataki, hapo mlaumu. Akikosa hata moja, lawama si yake. Ni ya wale waliokuwa na uwezo wa kumpatia, wakampa amri.